Waya wa Breki

Siku ya mnada stendi ya Bariadi haina adabu. Bodaboda wanapiga honi, kuku wanalia ndani ya matenga, wapiga debe wanagombea mizigo ya watu, na kila duka limefungulia redio yake. Katikati ya makelele hayo, ndani ya duka la spea la Mzee Nuruddin, kijana mmoja mrefu mwenye kofia ya pama alikuwa ameuma ncha ya waya wa breki kwa meno. Kwa mkono wa kushoto aliuvuta ule waya ukakaza, kwa kidole cha kulia akaudonoa. Ting.

Nyanjige, muuzaji wa duka, aliacha kupanga tyubu za baiskeli akamkazia macho.

"Kaka, mwadila," alimsalimu Kisukuma. "Humu tunauza, hatulishi."

"Mwadila, dada. Wala sili. Nausikiliza."

"Kwa meno?"

"Sauti inapita kwenye mfupa. Na kelele hizi, masikio yangu hayana kazi leo." Akautoa mdomoni, akaufuta kwa leso, akaurudisha kaunta. "Huu hapana. Nipe mwingine."

"Breki ni breki. Baiskeli yako aina gani?"

"Sina baiskeli."

Nyanjige alishika kiuno. Alikuwa amevaa blauzi ya kitenge cha manjano, na kwenye shavu alikuwa na alama ya grisi ambayo hakuna mteja aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Kijana akaona bora ajieleze kabla hajatolewa nje.

"Naitwa Nkinda. Napiga gitaa la solo, bendi ya Dhahabu Nyeupe. Uzi wa pili umekatika, na nyuzi zinaagizwa Mwanza. Nikipata waya mzuri wa breki naufumua, nachukua unyuzi mmoja, nafunga. Lakini lazima niuchague kwa sauti."

Basi zikafunguliwa nyaya tano. Zote zikaumwa, zote zikakataliwa. Mteja wa plagi alisubiri mpaka akasahau alichokuja kununua. Nyanjige, badala ya kukasirika, alijikuta ameanza kusikiliza naye, na waya wa sita hakuutoa kwenye boksi la juu. Aliinama, akavuta katoni kuukuu chini ya rafu.

"Hizi zilikuja na mzigo wa kwanza wa Mzee. Mafundi wanazikimbia, wanasema ngumu, hazipindiki."

Nkinda aliuma, akavuta, akadonoa. Akafumba macho. Akadonoa tena.

"Dada," alisema polepole, "huu unaimba."

"Basi uchukue, na ule mate yako mwenyewe nyumbani."

"Nitauchukua. Na Jumapili saa tisa uje bustanini, pale bendi yetu inapopiga, uusikie. Umeuchagua wewe, usije ukaukana." Akafika mlangoni, akageuka. "Na shavuni una grisi. Usiifute, inakupendeza."

Nyanjige aliifuta mara moja, kisha akakaa akitabasamu peke yake mpaka Mzee Nuruddin akamuuliza kama ana homa.

Jumapili alikwenda. Alijiambia anakwenda kunywa soda tu, lakini mtu anayekwenda kunywa soda hashindi asubuhi nzima akisuka nywele upya, wala havai gauni la bluu lililotunzwa kwa ajili ya harusi za watu. Aliketi meza ya nyuma. Nkinda akapanda jukwaani na shati jeupe na viatu vyeupe, akatafuta kwa macho, akamwona, akainamisha pama kidogo.

Kisha akapiga.

Nyanjige alikuwa amesikia magitaa tangu utotoni, redioni na harusini. Hili lilikuwa jambo jingine. Kidole gumba kilikuwa na wimbo wake chini, vidole vingine vina wimbo wao juu, na nyimbo hizo mbili zilikuwa zinabishana, moja inauliza, nyingine inajibu na kucheka. Muuza viatu wa meza ya jirani alisimama na chupa yake mkononi, akazunguka nyuma ya maspika kumtafuta mpigaji wa pili. Alirudi akitikisa kichwa.

"Hakuna mtu," aliwatangazia wenzake. "Wallahi hakuna mtu. Ni yule yule."

Wanawake walisahau chipsi zikapoa. Mhudumu alisimama na sinia kichwani hadi wimbo ukaisha, na hakuna aliyemgombeza. Watu walipopiga makofi, Nyanjige hakupiga. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

Toka siku ile simu ya Nyanjige haikupumzika.

"Haloo, Mama Breki."

"Sema, Bwana Waya."

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Basi leo nisikuletee dagaa wa Lamadi niliokukaangia."

"Aa, mpenzi! Sauti haina dagaa. Lete."

Mapenzi yao yalikuwa ya hivyo, ya utani na chakula. Nkinda alikuwa mtoto wa Nyalikungu, mjini Maswa, mwana wa mwalimu. Alilelewa na vitabu na redio. Nyanjige alikuwa wa Ipililo, kwenye pamba na ng'ombe. Alimwambia Nkinda kwamba baba yake anaitwa Mwandu, mkulima. Hilo lilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Katika nusu nzima ya Usukumani hakuna aliyemjua mzee huyo kwa jina la Mwandu. Walimjua kwa jina la Mbiti, yaani fisi, manju wa ngoma aliyeimba misimu thelathini na minne. Nyanjige hakulitaja. Aliogopa kijana wa viatu vyeupe na gitaa la umeme atacheka akisikia mkwe wake anacheza na vumbi na kengele miguuni. Hapo ndipo alipokosea, na ninamlaumu ingawa ninampenda.

Nkinda naye alikuwa na siri yake. Mwezi wa saba, pamba ikiwa imeshavunwa, walikubaliana akajitambulishe Ipililo. Kijana akaona aibu kwenda mikono mitupu. Ndipo akaja mtu mmoja, Shigela, manju wa Shishiyu, aliyemsikia bustanini akaondoka ameshika kichwa.

"Jumamosi nina ngoma," Shigela alimwambia. "Njoo unipigie gitaa hilo. Nikishinda, nakupa mtamba."

Mtamba! Ng'ombe jike ambaye hajazaa, mwanzo mzuri wa mahari yoyote. Nkinda hakuuliza wanashindana na nani. Mtoto wa Msukuma aliyelelewa kijijini angeuliza hilo kabla ya salamu. Yeye aliuliza kama kuna jenereta.

Ijumaa walipigiana simu.

"Kesho naenda nyumbani mara moja, baba ana shughuli," alisema Nyanjige.

"Hata mimi nina kazi mahali. Ukirudi nitakushangaza."

"Kwa kitu gani?"

"Ukijua hutashangaa, kipenzi."

Hapa lazima nieleze kidogo. Ngoma za Usukumani zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtu huzaliwa ndani ya upande wake. Baada ya mavuno pande hizo hukutana uwanja mmoja, kila moja na duara lake, zikapiga kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Watazamaji ndio kura: wakishangazwa na upande wa pili wanavuka kwenda huko, na aliyebaki na watu wachache jua likielekea kushuka, huyo ameshindwa. Mzee Mbiti alikuwa Bagika, Shigela alikuwa Bagalu. Alikuwa ametangaza kwamba msimu huu ni wa mwisho kwake, na binti yake alikuja kusimama kwenye duara lake kama alivyosimama tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Pale Shishiyu, mpaka saa nane Mbiti alikuwa na uwanja mzima. Alivaa kaniki na mkia wa nyumbu mkononi, sauti yake imekwaruza lakini ina nguvu, na watu walikuwa wanacheka na kuitikia. Kisha upande wa pili, jenereta likanguruma.

Nyanjige alilisikia gitaa kabla ya mtu mwingine yeyote kugeuka. Aliujua ule uzi wa pili. Aliutoa mwenyewe chini ya rafu.

Vijana ndio waliovuka kwanza. Kisha akina mama na watoto wao. Kisha wazee, wakijifanya wanakwenda kutafuta kivuli. Upande wa Bagalu mtu mmoja alikuwa anazunguka nyuma ya maspika akimtafuta mpigaji wa pili, na kicheko kikaja na upepo. Mbiti hakukatisha wimbo. Aliimba kwa watu mia, akaimba kwa hamsini, akaimba kwa ishirini.

Na Nyanjige naye akavuka.

Hakukusudia. Alitaka kuhakikisha tu kwamba ni yeye. Alijificha nyuma ya mama mmoja muuza karanga, mwenye kanga ya kijani, na pale akamwona Nkinda amefumba macho, shati limelowa, vidole vinabishana. Na kwa dakika nzima alisahau yeye ni mtoto wa nani. Akafurahi. Alipokumbuka na kugeuka, baba yake alikuwa amebaki na wapiga ngoma wake na mbwa mmoja.

Jioni ile, kabla jua halijazama, simu ililia.

"Mama Breki! Umeshafika kwenu?"

"Leo ulikuwa Shishiyu?" Nyanjige aliuliza.

"Aa! Nani kavujisha? Nilitaka nikushangaze mwenyewe!"

"Ulifanya makusudi?"

"Makusudi kabisa, mpenzi. Kwa ajili yako. Nimefurahi mpaka sina la kusema."

"Umenishangaza, Nkinda," alisema, akakata.

Nkinda alipiga tena. Haikupokelewa. Kesho yake alipiga mara kumi na moja. Alituma ujumbe, alituma na wimbo, akatuma picha ya mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, akaandika: *Umwone mgeni wetu.* Nyanjige alikuwa ameshasikia habari za mtamba wa Shigela; alipoiona picha hiyo alizima simu kabisa. Zawadi ya kumshinda baba yake, na anamtumia aicheke naye! Aliomba ruhusa dukani akabaki Ipililo akichambua pamba na mama yake. Ukweli ni kwamba hasira nyingine ilikuwa juu yake mwenyewe. Baba alikuwa haongei kuhusu ngoma, na kila alipomtazama, Nyanjige aliinamisha macho.

Siku ya tano Nkinda aliingia dukani bila kofia. Alikuta Mzee Nuruddin peke yake, pindo la kanzu yake limeshika mafuta ya cheni.

"Mzee, shikamoo. Nyanjige yuko wapi?"

"Marahaba. Wewe ndiye wa kuuliza? Umemnyang'anya baba yake uwanja, halafu unauliza binti yuko wapi?"

"Uwanja gani?"

Mzee Nuruddin alimtazama muda, akaona uso wa mtu asiyejua, akavuta kigoda.

"Kaa kijana. Manju uliyemwacha na mbwa pale Shishiyu ni Mbiti. Na Mbiti jina lake la kuzaliwa ni Mwandu."

Nkinda alikaa.

"Hakuniambia," alisema. "Na mimi sikumwambia naenda wapi."

"Ndiyo mjue. Mficha uchi hazai. Nyinyi wawili mmefichana kila kitu isipokuwa dagaa. Sasa usikae hapa unanililia juu ya mipira. Nenda."

Alikwenda kwanza Shishiyu, akamrudishia Shigela mtamba wake. Shigela alidhani ng'ombe ana ugonjwa, akamkagua meno na kwato. Kisha Nkinda akarudi mjini, akaufungua ule waya kwenye gitaa la umeme, akaufunga kwenye gitaa lake kavu, lile la mbao alilojifunzia. Asubuhi akapanda bodaboda kwenda Ipililo.

Alifika jua limesimama. Uani kulikuwa na turubai limejaa pamba, na Nyanjige amepiga magoti pembeni yake, kitambaa kichwani, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nyusi. Alimwona. Moyo ulimruka kwa furaha kabla hasira haijapata nafasi, na hilo likamuudhi zaidi.

"Umefuata nini?"

"Sikujua, Nyanjige. Naapa kwa mama yangu. Ungeniambia baba ni nani ningekataa hata angenipa zizi zima."

"Na mimi ningejua unakwenda Shishiyu ningekufungia mlango." Akaitupa pamba iliyokuwa mkononi. "Ulimwona alivyobaki? Ulimwona?"

"Nilikuwa nimefumba macho."

"Nani huyo?" sauti ilitoka mlangoni.

Mzee Mwandu alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana uwanjani. Aliketi kwenye kigoda chake, akamtazama kijana, kisha gitaa.

"Mwadila, baba. Shikamoo."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha baadaye. Kwanza nijibu. Ulitumia dawa ya nani?"

"Situmii dawa, baba."

"Usinidanganye! Nimeimba miaka thelathini na minne. Watu wangu hawaondoki bure. Ulifunga nini ndani ya kitu hicho?"

"Waya wa breki ya baiskeli."

Mama yake Nyanjige, aliyekuwa akichambua ng'ambo ya turubai, alisimama na konzi ya pamba mkononi. Mzee akaomba gitaa, akaliweka mapajani, akapitisha kidole kwenye uzi wa pili taratibu, akaudonoa. Ting.

"Waya huu umeutoa wapi?"

Nkinda angekatwa ulimi asingejibu.

"Nilimuuzia mimi, baba," alisema Nyanjige. "Nyaya tano alizikataa. Huo nilimchagulia mimi."

Mzee alimtazama binti yake, kisha waya. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongoni na mkewe, akacheka tena.

"Mayu, mama yangu! Nimetafuta mchawi siku tano, kumbe anakula ugali wangu! Na mtamba yuko wapi? Nilisikia walikupa mtamba."

"Nimemrudisha, baba. Niliona aibu."

"Umefanya vibaya sana. Ng'ombe ana kosa gani? Ulimpata kwa jasho. Rudi umchukue umlete hapa. Nataka Shigela apite njia ile amwone ng'ombe wa Bagalu anakula majani ya Bagika." Akamrudishia gitaa. "Sasa piga. Wimbo wangu wa Shishiyu haukumalizika. Sikuwa na watu."

Akaanza kuimba palepale kwenye kigoda, sauti imekwaruza. Nkinda alitafuta njia mara moja, mara mbili, kisha kidole gumba kikamwelewa mzee na vidole vingine vikaanza kumjibu. Mzee akauliza, gitaa likajibu. Mzee akamtania, gitaa likamcheka. Jirani aliyekuwa akikata majani alikuja na panga lake. Wakaja wanawake wenye ndoo, wakazitua. Uani pakajaa, na hakuna aliyesogea mpaka manju alipoushusha mkono.

Nyanjige alikuwa amesimama nyuma ya kigoda cha baba yake, machozi yanamtoka. Akapiga magoti.

"Baba, siku ile Shishiyu..."

"Ulivuka," alisema mzee.

Nyanjige alinyanyua uso.

"Nyuma ya yule mama wa karanga, mwenye kanga ya kijani. Manju akiimba anahesabu watu wake, mwanangu. Wengine wote walipoondoka niliumia. Ulipoondoka wewe nikasema, huyu aliyemtoa Nyanjige kwangu lazima nimwone sura. Nilikuwa namsubiri. Amechelewa tu." Alijifuta jasho. "Inuka. Unachafua pamba."

Kulikuwa na hatua kama kumi kati ya kigoda cha mzee na pale aliposimama Nkinda. Kijana alikuwa na la kusema, lakini haikuwa adabu kumtamkia binti mbele ya baba yake, tena na kijiji kizima kikitazama. Akafikiri. Akatoa simu mfukoni, akageuka upande, akapiga.

Simu ya Nyanjige, aliyokuwa ameiwasha asubuhi ile ile bila kumwambia mtu, ikalia kwenye fundo la kanga yake.

"Haloo," alisema akisinasina.

"Mama Breki."

"Sema, Bwana Waya."

"Nataka tuoane. Utavuka?"

Nyanjige alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anaangalia mbali, kule ng'ombe walikokuwa wakinywa maji.

"Baba yuko hapa," alinong'ona kwenye simu.

"Mimi sisikii," alisema mzee kwa sauti kubwa. "Masikio yangu yameharibiwa na ngoma."

Nyanjige alicheka na kulia kwa pamoja. Akavuka ua mchana kweupe, watu wote wakimwona, simu bado iko sikioni.